Usonji na Kadi ya Bima: Miezi Inayopotea Kabla ya Tiba Kuanza

Katika ratiba ya chanjo ya Tanzania, mtoto hurudi kliniki akiwa na umri wa miezi 18 ili apate dozi ya pili ya chanjo ya surua na rubela. Baada ya hapo familia nyingi hupunguza safari za kliniki, kwa kuwa hakuna tena sindano inayomsubiri mtoto karibuni. Umri huohuo wa miezi 18 ndio ambao dalili za usonji huwa zimeanza kujitokeza kwa watoto wengi, na ndio ambao Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kinapendekeza kila mtoto achunguzwe kwa mara ya kwanza kuhusu hali hiyo, kisha tena akifikisha miezi 24. Kwa hiyo muuguzi anayetoa chanjo ya miezi 18 mara nyingi ndiye mtaalamu wa kwanza mwenye nafasi ya kuziona dalili hizo, na pengine ndiye wa mwisho kwa miaka kadhaa.

Nafasi hiyo ikipita, safari ya familia hurefuka. Mzazi anayesema kwamba mtoto hasemi huambiwa kuwa watoto wa kiume huchelewa, au kwamba hata baba yake alichelewa. Mtoto hufikisha miaka minne au mitano, shule ya awali ikashindwa kukaa naye, na hapo ndipo familia huanza kuzunguka hospitalini kutafuta jina la hali yake. Jina likipatikana, huja swali la mtaalamu wa tiba: yuko wapi, na ana nafasi lini? Mtaalamu akipatikana, huja swali la mwisho ambalo lingepaswa kuwa la kwanza: nani atalipa?

Miezi hiyo ya kuzunguka ndiyo gharama kubwa kuliko zote, ingawa haiandikwi katika risiti yoyote. Sehemu kubwa ya miezi hiyo inaweza kuokolewa iwapo mambo mawili yatafanyika kwa pamoja: msaada kwa mtoto uanze kabla jina la hali yake halijathibitishwa, na tiba yenyewe itajwe waziwazi katika orodha ya huduma zinazolipiwa na bima.

Usonji ni nini

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11 ambao walionekana kuishi peke yao hata wakiwa katikati ya watu. Tangu hapo elimu kuhusu usonji imebadilika sana. Leo unaeleweka kuwa ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema maishani, na inayogusa maeneo mawili: mawasiliano na mahusiano na watu wengine, na tabia au mambo yanayopendwa ambayo hurudiwarudiwa, pamoja na namna mtoto anavyopokea sauti, mwanga, mguso au ladha. Mtoto mmoja mwenye usonji huenda asiseme neno lolote. Mwingine akasoma gazeti akiwa na miaka minne lakini asiweze kumwambia mama yake kwamba tumbo linamuuma. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha usonji. Uthibitisho hutokana na historia ya ukuaji wa mtoto na kumtazama akicheza na kuwasiliana. Hata hivyo, vipo vipimo ambavyo havipaswi kurukwa. Cha kwanza ni kipimo cha usikivu, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri naye haitiki anapoitwa na huchelewa kusema. Pia mtoto aulizwe historia ya degedege na kifafa, kwani kifafa huwapata watoto wenye usonji kwa kiwango kikubwa kuliko watoto wengine, nacho kina dawa.

Usonji hausababishwi na malezi mabaya. Methali isemayo mtoto umleavyo ndivyo akuavyo imegeuzwa mara nyingi kuwa fimbo ya kumchapia mama ambaye hajakosea lolote. Wala hausababishwi na chanjo. Makala ya mwaka 1998 iliyoanzisha hofu hiyo ilihusu watoto 12 tu, na jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2019, uliofuatilia watoto 657,461, haukuona ongezeko lolote la usonji kwa waliopata chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Lugha mbili nyumbani nazo hazisababishi usonji. Familia inayozungumza Kisukuma, Kihaya au Kimakonde pamoja na Kiswahili haina haja ya kuacha lugha yake. Mtoto huhitaji kusemeshwa kwa lugha ambayo mlezi wake anaimudu vizuri.

Maswali ya dakika tano

Mhudumu wa kliniki ya mama na mtoto hahitaji kuwa bingwa ili atambue mtoto anayehitaji kufuatiliwa. Anahitaji maswali machache, na sikio linalosikiliza majibu. "Mama, ukimwita jina lake anageuka?" "Akitaka kitu anakuonyesha kwa kidole, au anakuvuta mkono tu?" "Akiona ndege au mbuzi anapita, anakutazama ili nawe uone?" "Anaigiza kupika, kulea mwanasesere, kuendesha gari?" Mtoto asiyeitika jina lake akiwa na mwaka mmoja, asiyeonyesha kwa kidole akiwa na miezi 18, asiye na neno hata moja akiwa na miezi 16, au asiyeunganisha maneno mawili akiwa na miaka miwili, anahitaji tathmini. Mtoto wa umri wowote ambaye alikuwa anasema kisha akaacha, au alikuwa anacheza na wenzake kisha akajitenga, anahitaji tathmini haraka.

Ipo pia dodoso ijulikanayo kama M-CHAT-R, yenye maswali 20 ya ndiyo au hapana, iliyokusudiwa watoto wa miezi 16 hadi 30. Dodoso hiyo haithibitishi usonji. Kazi yake ni kuchuja, kama mizani ya kliniki inavyochuja watoto wenye utapiamlo: mizani haisemi chanzo cha tatizo, lakini hakuna muuguzi anayesubiri chanzo kijulikane ndipo aanze kumshauri mama kuhusu lishe. Kanuni hiyohiyo inafaa hapa. Mtoto mwenye dalili apewe rufaa, na siku hiyohiyo mzazi aanze kufundishwa namna ya kucheza na kuzungumza naye.

Ushahidi wa tiba ya mapema

Miaka ya mwanzo ndiyo ambayo ubongo hujenga kwa kasi njia za lugha na mahusiano. Mtoto wa kawaida hujifunza lugha kwa maelfu ya mabadilishano madogo kila siku: anatazama, anatazamwa, anatoa sauti, anajibiwa. Mtoto mwenye usonji hupata mabadilishano machache zaidi, kwa sababu ishara zake ni ndogo au ni tofauti na watu hawazioni. Tiba ya mapema hulenga kuyarudisha mabadilishano hayo.

Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliohusisha watoto 48 wenye umri wa miezi 18 hadi 30. Waliopata kwa miaka miwili tiba iliyochanganya michezo na mafunzo ya tabia waliendelea zaidi katika lugha na uwezo wa kufikiri kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida zilizokuwapo. Mwaka huohuo nchini Uingereza ulichapishwa utafiti wa watoto 152, ambamo wataalamu hawakumfundisha mtoto moja kwa moja, bali walimrekodi mzazi akicheza naye, kisha wakaitazama video pamoja na mzazi na kumwonyesha ishara za mtoto zilizompita. Watoto hao walipofuatiliwa takriban miaka sita baadaye, dalili za wale ambao wazazi wao walifundishwa zilikuwa zimepungua kuliko za wenzao.

Kwa nchi zenye wataalamu wachache, utafiti wenye uzito mkubwa zaidi ni ule uliochapishwa mwaka 2016 kutoka Goa nchini India na Rawalpindi nchini Pakistani. Njia ya Uingereza ilirahisishwa, ikapewa wahudumu wa afya wasio mabingwa, na kutolewa kwa familia katika vikao 12 ndani ya miezi sita. Kati ya watoto 65 walioshiriki, wale wa kundi la tiba walianzisha mawasiliano na wazazi wao zaidi, na wazazi walijibu ishara za watoto wao vizuri zaidi. Utafiti mwingine wa Australia, uliotolewa mwaka 2021, ulikwenda mbele zaidi: wazazi wa watoto 103 wenye umri wa miezi 9 hadi 14 tu, walioonyesha dalili za awali, walianza kusaidiwa kabla ya uthibitisho wowote. Katika kundi lililosaidiwa, karibu asilimia 7 ya watoto walithibitishwa kuwa na usonji walipofika miaka mitatu. Katika kundi la pili ilikuwa karibu asilimia 20. Utafiti huo ni mdogo na unahitaji kurudiwa, lakini unaonyesha kwamba kusubiri jina ndipo msaada uanze si lazima ya kitabibu.

Yapo pia matokeo yanayogusa mfuko. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba tiba ya usonji haina faida mpaka ifikie saa 20 au 40 kwa wiki. Imani hiyo ilitokana kwa sehemu na utafiti maarufu wa Marekani wa mwaka 1987, uliotumia saa 40 kwa wiki kwa watoto 19. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2024, uliojumlisha tafiti 144 na watoto zaidi ya 9,000, haukupata ushahidi kwamba saa nyingi zaidi huleta faida kubwa zaidi. Hii haina maana kwamba kidogo kinamtosha kila mtoto. Maana yake ni kwamba tiba yenye kiasi, yenye malengo na yenye mzazi ndani yake ni tiba halali, na si mabaki ya tiba ya matajiri.

Jinsi bima inavyofikiri

Bima ya afya ilibuniwa kwa ajili ya tukio. Mtu anaugua malaria, anamwona daktari, anapimwa, anapewa dawa, anapona. Kituo kinajaza fomu na mfuko unalipa. Upasuaji nao ni tukio, hata ukiwa wa gharama kubwa: una siku, una chumba, una mwisho. Tiba ya usonji haina umbo hilo. Mtoto anayehudhuria mara mbili kwa wiki hufikisha mahudhurio 104 kwa mwaka, bila dawa, bila kitanda, bila siku ya kupona. Katika macho ya mfumo uliozoea matukio, mtoto huyo hufanana na mgonjwa anayerudi mara 104 kwa tatizo lilelile.

Kutokana na hali hiyo hujitokeza vikwazo vinne. Cha kwanza ni orodha. Kila mfuko una kitita cha mafao, na kilichoachwa nje ya kitita hakilipwi, hata kama daktari ameandika kwa mkono wake kwamba ni lazima. Cha pili ni mtoa huduma: mfuko hulipa vituo ulivyovisajili, ilhali sehemu kubwa ya kazi na watoto wenye usonji hufanyika katika vituo vya malezi na vitengo vya shule ambavyo si vituo vya afya. Cha tatu ni mpaka kati ya afya na elimu. Kumfundisha mtoto kuomba maji kwa picha ni tiba ya mawasiliano au ni somo? Kila upande unaweza kusema ni kazi ya mwenzake, na mtoto akabaki katikati. Cha nne ni umri na jina: mfuko huhitaji uthibitisho wa ugonjwa ili ulipe, ilhali umri ambao tiba inafaa zaidi ndio ambao uthibitisho huwa bado haujapatikana.

Somo kutoka Marekani

Marekani ilipambana na vikwazo hivyo jimbo kwa jimbo. Kampuni za bima zilikataa kulipia tiba ya usonji kwa hoja kuu mbili: kwamba ni elimu, na kwamba bado ni ya majaribio. Mwaka 2001 jimbo la Indiana lilitunga sheria iliyozilazimisha kuilipia. Mwaka 2007 Carolina Kusini ikafuata kwa sheria iliyoweka mipaka: mtoto awe chini ya miaka 16, na malipo ya tiba ya tabia yasizidi dola 50,000 kwa mwaka. Mwaka 2014 serikali kuu ilifafanua kwamba mpango wa afya wa watu wenye kipato kidogo unapaswa kulipia huduma za usonji zinazohitajika kitabibu kwa walio chini ya miaka 21. Kufikia mwaka 2019 majimbo yote 50 yalikuwa yamechukua hatua ya namna fulani.

Funzo la kwanza ni kwamba tiba hazikuingia katika bima kwa huruma. Ziliingia kwa kutajwa. Funzo la pili ni chungu zaidi. Sheria haizalishi wataalamu. Katika maeneo mengi kadi ilikubali kulipa, lakini foleni ya kumwona mtaalamu ilibaki ndefu, na familia za vijijini zikaendelea kukosa. Aidha, waajiri wakubwa wanaolipia wenyewe matibabu ya wafanyakazi wao hawakubanwa na sheria za majimbo, hivyo watoto wawili wa mtaa mmoja waliweza kuwa na haki tofauti kwa sababu tu ya kazi za wazazi wao. Nchi inayoanza leo ina nafasi ya kuanzia mahali ambapo wengine wamefikia kwa taabu.

Nafasi iliyopo Tanzania

Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, inayolenga kuingiza kila mkazi katika mfumo wa bima. Kabla yake, familia zilitegemea zaidi Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya na Mfuko wa Afya ya Jamii. Watoto walikuwa pia na Toto Afya Kadi, ambayo mzazi aliweza kuilipia shilingi 50,400 kwa mwaka kwa mtoto mmoja. Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ulisitishwa, na watoto wakaelekezwa kusajiliwa kupitia shule au vifurushi vya familia. Utaratibu huo umepitia mabadiliko mengine tangu wakati huo.

Sababu ya usitishaji huo inafaa kueleweka na kila mzazi wa mtoto mwenye usonji. Wazazi wengi walikuwa wakimkatia kadi mtoto aliyekwisha ugua, huku watoto wenye afya wakibaki nje. Mfuko uliojaa wagonjwa peke yao hauwezi kusimama, kwa sababu bima ni harambee ambayo walio wazima huwabeba walio wagonjwa, kwa zamu. Kwa mtoto mwenye usonji jambo hili lina maana ya moja kwa moja: tiba yake ni ya miaka, hivyo itabebwa tu na harambee pana. Bima kwa wote si jambo la pembeni kwake; ndiyo sharti la tiba yake.

Hata hivyo, harambee pana yenye orodha fupi haitamsaidia. Kwa kuzingatia ushahidi uliopo, fao la mtoto mwenye usonji au mwenye dalili zake linaweza kuelezwa kwa maneno machache yanayohesabika: tathmini ya ukuaji na kipimo cha usikivu, vikao 12 vya kumfundisha mzazi ndani ya miezi sita, idadi maalumu ya mahudhurio ya tiba ya usemi na tiba kwa vitendo, inayohuishwa baada ya tathmini ya maendeleo, na matibabu ya hali zinazoambatana kama kifafa na matatizo ya usingizi. Fao la namna hiyo lina mwanzo, lina kipimo na lina tarehe ya kuangaliwa upya. Mfuko unaweza kulikadiria gharama yake. Hoja kwamba tiba ya usonji haina mwisho, na kwa hiyo haibebeki, haina nguvu tena.

Msingi wa kisheria na kisera haukosekani. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya huduma za afya na utengamao. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inahusu watoto kuanzia kuzaliwa hadi miaka minane, umri uleule ambao tiba ya mapema inauhitaji.

Kalamu ya mhudumu

Madai mengi ya bima hukwama kwa sababu ya maandishi, wala si kwa sababu ya ugonjwa. Faili linaloandikwa "mtoto hasemi, apelekwe mbele" halimsaidii mtoto, mfuko wala daktari wa hospitali ya rufaa. Maandishi yanayosaidia hutaja umri wa mtoto kwa miezi, dalili zilizoonekana na tarehe, alama ya dodoso iliyotumika, matokeo ya kipimo cha usikivu, na jambo ambalo mtoto hawezi kulifanya katika maisha ya kila siku: kula, kuvaa, kuomba, kulala, kucheza na wenzake. Uthibitisho ukipatikana, namba ya Uainishaji wa Kimataifa wa Magonjwa iandikwe: 6A02 katika toleo la 11, au F84.0 kwa usonji wa utotoni katika toleo la 10. Uthibitisho ukiwa bado, kuchelewa kwa ukuaji kuandikwe kama kulivyo, badala ya kuacha nafasi wazi.

Mpango wa tiba nao uandikwe kwa namna inayopimika. "Aendelee na mazoezi" haipimiki. "Vikao 12 katika miezi sita, lengo: aombe vitu vitatu kwa neno, picha au ishara, tathmini mwezi wa sita" inapimika, na ni vigumu zaidi kuikataa. Dawa ziandikwe kwa tahadhari. Zipo dawa zinazopunguza hasira kali au kujiumiza kwa baadhi ya watoto, lakini hakuna dawa inayotibu kiini cha usonji, wala dawa haipaswi kuchukua nafasi ya tiba kwa sababu tu dawa ndiyo inayolipiwa.

Maswali ya mzazi

Mzazi naye anafaidika akienda katika ofisi ya bima na maswali mahususi badala ya swali moja la jumla, "Mnalipia usonji?" Aulize: je, tathmini ya mtaalamu wa ukuaji wa mtoto imo katika kitita? Tiba ya usemi na tiba kwa vitendo zimo, na kwa mahudhurio mangapi? Kituo gani kilichosajiliwa kinazitoa katika mkoa huu? Ni lazima kupata rufaa ya ngazi ipi, na kibali kipatikane kabla ya huduma? Mtoto atahudumiwa mpaka umri gani? Majibu ayaombe kwa maandishi. Ombi likikataliwa, aulize sababu iliyoandikwa na utaratibu wa rufaa dhidi ya uamuzi huo. Ofisa ustawi wa jamii wa hospitali ni mtu wa kushirikishwa mapema, kabla akiba ya familia haijaisha. Nakala ya kila karatasi, kuanzia kadi ya kliniki, ihifadhiwe katika jalada moja.

Jihadhari na wauzaji wa matumaini. Hakuna mchanganyiko wa dawa, lishe maalumu, sindano wala kombe linaloondoa usonji. Fedha inayokwenda huko ni fedha ya nauli ya kumpeleka mtoto kwenye tiba yenye ushahidi.

Kazi inayoweza kuanza nyumbani

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa rasmi mafunzo ya stadi kwa walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji wa ukuaji, ukiwamo usonji. Yana vikao tisa vya kikundi na ziara tatu za nyumbani, na yanaweza kuongozwa na wauguzi, walimu au wahudumu wa afya ngazi ya jamii waliofunzwa. Hayahitaji uthibitisho wa bingwa ili mlezi ajiunge.

Misingi yake ni myepesi kueleweka. Mlezi hushuka chini, akakaa mbele ya mtoto, usawa wa macho yake. Hufuata kile ambacho mtoto anakipenda, hata kama ni kuzungusha kifuniko cha sufuria, na kukigeuza kuwa mchezo wa wawili: zamu yangu, zamu yako. Hutumia maneno machache na kuyarudia. Huweka kitu kinachopendwa mahali kinapoonekana lakini hakifikiki, kisha husubiri mtoto aombe kwa njia yoyote, na ombi hilo hupokelewa kwa furaha. Kazi za kila siku, kama kuoga, kuchambua mchele na kwenda kisimani, huwa darasa. Bibi, kaka na dada hufundishwa pia, kwa maana mtoto wa Kiafrika mara nyingi halelewi na mtu mmoja.

Lengo la tiba lieleweke vizuri. Katika mikutano ya malezi husemwa samaki mkunje angali mbichi, na methali hiyo ina ukweli wake kuhusu kuwahi. Lakini mtoto mwenye usonji hapelekwi tiba ili akunjwe afanane na wengine. Watu wazima wenye usonji katika nchi mbalimbali wameeleza madhara ya tiba zilizowalazimisha kutazama watu machoni au kuzuia mikono isipepee, huku mateso yao ya kelele na mwanga yakipuuzwa. Tiba njema humpa mtoto njia ya kusema anachotaka na asichotaka, humpa usingizi, humwezesha kula, kuvaa na kujisaidia, na humfundisha mzazi kuisoma lugha ambayo mtoto tayari anaizungumza. Wapo watakaosema sentensi ndefu, na wapo watakaotumia picha maisha yao yote. Wote wawili wamefaidika. Wala mlango haufungwi mtoto anapotimiza miaka mitano: anayeanza akiwa na saba au kumi bado hujifunza, hivyo familia iliyochelewa isikate tamaa wala isijilaumu.

Utaratibu wa bima utachukua muda kurekebishwa, na wataalamu watachukua muda kufundishwa. Muda huo haupiti bure kwa mtoto wa miezi 18; kwake kila mwezi ni sehemu kubwa ya umri wake. Zahanati iliyo na maswali manne, karatasi ya rufaa iliyojazwa vizuri na mhudumu mmoja aliyefunzwa kukaa na wazazi inaweza kuanza wiki hii. Na kila faili linaloandikwa kwa usahihi, likitaja huduma ambayo mtoto aliihitaji na namna alivyoendelea alipoipata, ni ushahidi ambao wapangaji wa kitita cha mafao watauhitaji siku watakapoketi kuamua nini kiingie katika orodha.